MAKANGAGA NA KUVU: NAMNA MBILI ZA KUZAA BILA YA MBEGU
Somo kwa Wanachama



Swali moja huulizwa tena na tena kila wakulima wa karafuu wakutanapo: je, makangaga yaotayo juu ya mikarafuu ndiyo yanayoiua? Wako wasemao ndiyo, nao hupanda na panga wakayakwangua mpaka gome la mti likachubuka. Na wakati huohuo matawi makavu yaliyojaa vipele vidogo vidogo huachwa juu ya mti, au hutupwa chini ya shina, kwa kuwa tawi lililokwisha kufa haliogopwi na mtu.

Somo letu la leo lataka kuonyesha kwamba kwa kufanya hivyo twamwadhibu jirani na kumwacha mwizi. Na njia nyepesi ya kumjua jirani ni yupi na mwizi ni yupi ni kutazama jinsi kila mmoja anavyozaa. Kangaga na kuvu wote wawili hawana ua, hawana tunda, wala hawana mbegu. Wote wawili huzaa kwa unga mwembamba sana uitwao spora. Kwa ajili hiyo watu wengi huwadhani kuwa ni jamaa. Lakini ukifuata maisha yao hatua kwa hatua utaona kuwa ni mbali mbali kama mashariki na magharibi, na kwamba tofauti hiyo yagusa mfuko wa mkulima.

Tunaposema kuvu twakusudia jamii nzima: uyoga wa porini, ukungu wa mkate na karafuu zilizovunda, na vile viumbe visivyoonekana kwa macho vinavyokaa ndani ya gome la mti. Wote hao ni watu wa nyumba moja.

1. KITABU CHA URITHI

Kabla ya kuendelea, hapana budi tufahamu neno moja. Kila kiumbe chenye uhai kimejengwa kwa chembe ndogo ndogo, ambazo wanafunzi wa skuli huziita seli. Ndani ya kila chembe mna maagizo ya urithi, nayo tutayafananisha na kitabu. Kitabu hicho ndicho kinachoamrisha mkarafuu uwe mkarafuu na mchungwa uwe mchungwa.

Chembe nyingine huwa na nakala mbili za kitabu hicho, moja ya upande wa baba na moja ya upande wa mama. Mwili wa mwanadamu ni hivyo, na mwili wa mkarafuu ni hivyo. Chembe nyingine huwa na nakala moja tu. Ili mtoto apatikane kwa kuoana, nakala moja ya huku na nakala moja ya huku hukutana zikawa mbili. Na ili kizazi kifuatacho kisirundike nakala nne, kisha nane, hapana budi pawe na mahali ambapo nakala mbili hugawanywa zikawa moja moja tena.

Basi maisha ya kila kiumbe kizaacho kwa kuoana ni mzunguko wa mambo mawili: kukutana na kugawana. Shika hayo mawili, ndugu msomaji, na somo lililobaki litakuwa jepesi. Swali letu litakuwa hili tu: kangaga hukutana wapi na kugawana wapi? Na kuvu hukutana wapi na kugawana wapi?

2. MAISHA YA KANGAGA

Chukua jani la kangaga lililokomaa, uligeuze utazame upande wa chini. Utaona madoa ya rangi ya kahawia yaliyopangika kwa safu kama vifungo vya kanzu. Wengine hudhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu. Sivyo. Kila doa ni fungu la vifuko vidogo sana, na ndani ya kila kifuko mna spora, mara nyingi 64. Katika lile kangaga kubwa la mikokoni, madoa hayakutengana, bali upande wa chini wa majani ya juu umefunikwa wote na vifuko hivyo kama zulia.

Mwili wa kangaga, yaani shina lake na majani yake tuyaonayo, una nakala mbili za kitabu. Ndani ya kifuko ndipo panapofanyika kugawana, na kila spora hutoka na nakala moja tu.

Kifuko kimezungukwa na mshipi wa chembe ngumu. Hewa ikikauka, maji yaliyomo ndani ya chembe hizo hupungua, na mshipi hukunjuka nyuma polepole kama mtu avutaye manati. Unapofika mwisho wake huachia kwa ghafula, na spora hurushwa hewani. Upepo huzichukua. Ndiyo sababu kangaga laweza kuota juu ya mti mrefu, juu ya paa, au katika ufa wa ukuta wa mawe, mahali ambapo hapana mtu aliyelipanda.

Spora ikiangukia mahali penye unyevu na mwangaza kidogo, humea. Lakini, na hapa ndipo penye ajabu, haimei kuwa kangaga. Humea kuwa kijani kidogo chembamba chenye umbo la moyo, kisichozidi upana wa ukucha, kilicholala juu ya udongo au gome. Wataalamu hukiita prothalo; sisi katika somo hili tutakiita jani-moyo. Watu wengi wamelikanyaga maisha yao yote wasijue ni nini.

Jani-moyo lina nakala moja tu ya kitabu. Halina mizizi ya kweli, halina shina, lakini ni la kijani, nalo hujipikia chakula chake kwa mwanga wa jua kama mmea mwingine wowote. Upande wake wa chini mna viungo vya namna mbili: vidogo vya mviringo ambamo mna mbegu za kiume, na vingine vyenye umbo la chupa yenye shingo, ambamo mna yai.

Mvua ikinyesha, au umande ukitanda, upande wa chini wa jani-moyo huwa na utando mwembamba wa maji. Hapo mbegu za kiume hutoka na kuogelea kwa vijimkia vyake mpaka zifike kwenye shingo ya chupa, ziingie, na moja ikutane na yai. Hapo ndipo pa kukutana. Yai lililokutwa lina nakala mbili, nalo hukua palepale likatoa mzizi, na kijani cha kwanza, mpaka likawa kangaga kamili. Jani-moyo limekwisha kazi yake, hunyauka na kutoweka.

Kwa hiyo kangaga lina vizazi viwili vinavyopokezana. Kangaga huzaa jani-moyo, na jani-moyo huzaa kangaga. Mtoto hafanani na mama yake, bali afanana na bibi yake. Na kila kizazi hujitegemea, hukaa mahali pake na kujitafutia riziki yake.

Khabari hii haikujulikana zamani. Wazee wa Ulaya walistaajabia mmea usiokuwa na ua wala mbegu. Mwaka 1848 mtaalamu wa Kipoland, Michał Leszczyc-Sumiński, alieleza jinsi yai la kangaga linavyorutubishwa chini ya jani-moyo. Mwaka 1851 Mjerumani Wilhelm Hofmeister akatoa kitabu kilichoonyesha mpango mzima wa vizazi viwili. Yafaa tukumbuke kuwa Hofmeister wakati huo hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa akifanya kazi katika duka la baba yake la vitabu na nota za muziki mjini Leipzig, na uchunguzi wake aliufanya alfajiri kabla ya saa za kazi. Elimu haimchagui mtu ila kwa bidii yake.

3. MAISHA YA KUVU

Sasa tutazame uyoga wa kawaida uotao baada ya mvua. Watu hudhani uyoga ndio mwili wa kuvu. La, uyoga ni kama karafuu, na mti wenyewe umejificha. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba sana, nyembamba kuliko unywele, zitambaazo ndani ya udongo, ndani ya gogo bovu, au ndani ya gome.

Nyuzi hizo hazina kijani. Haziwezi kujipikia chakula kwa jua. Hutoa maji makali yanayoyeyusha kitu kilichozunguka, kisha huufyonza ule ute. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa kitu kilekile kilichomo katika ganda la kaa na mdudu. Kwa sababu hizi na nyinginezo, wataalamu siku hizi hawaihesabu kuvu kuwa mmea hata kidogo. Ni jamii ya peke yake, na kwa nasaba iko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea.

Spora ya uyoga ikianguka mahali penye unyevu na chakula, hutoa uzi. Uzi huo una nakala moja ya kitabu. Ukikutana na uzi mwingine wa namna yake, uliotoka katika spora ya ukoo unaopatana nao, miili yao huungana. Lakini sikiliza ajabu yake: miili imeungana, na vitabu havijaungana. Katika kila chembe mna vitabu viwili vikikaa mbali mbali, kama mume na mke waliofunga ndoa wakawa nyumba moja, kila mmoja bado analala chumba chake. Hali hiyo yaweza kuendelea miezi, hata miaka, nyuzi zikitambaa na kula.

Mvua ikija, nyuzi hujikusanya na kusukuma uyoga juu ya ardhi. Chini ya kofia mna vipande vyembamba kama kurasa za msahafu uliofunguliwa. Kwenye uso wa kurasa hizo, katika chembe maalumu, ndipo vitabu viwili vinapoungana. Na mara tu vikishaungana, hugawanyika tena palepale, zikatoka spora nne. Kukutana na kugawana hufanyika mahali pamoja, wakati karibu mmoja. Hapana maji ya kuogelea, hapana jani-moyo, hapana mtoto anayekaa peke yake.

Na wingi wake? Mtaalamu A. H. R. Buller, katika kitabu chake cha mwaka 1909, aliandika khabari ya uyoga mmoja wa malishoni uliotoa spora yapata milioni 40 kwa saa, muda wa siku mbili.

Ukungu wa mkate nao una ndoa zake. Mwaka 1904 Albert Blakeslee wa Marekani alionyesha kuwa ukungu mweusi wa mkate una koo mbili zinazofanana kabisa kwa sura, na kwamba haziwezi kuoana ila ukoo mmoja ukikutana na wa pili.

Lakini sasa twafika penye jambo kubwa. Kuvu nyingi hazingoji ndoa. Zina njia ya pili: uzi peke yake, bila ya mwenzi, hukata vipande vidogo vya mwili wake na kuvitoa kuwa spora. Spora hizi hazikutokana na kukutana wala kugawana. Ni nakala tupu za mzazi, kama barua iliyopigwa chapa mara elfu. Ukungu wa kijani uuonao juu ya limau lililooza ni spora za namna hii. Hutolewa kwa siku chache tu, na kila moja yaweza kuanzisha kuvu mpya.

Kangaga nalo lina njia ya kuzidi bila ndoa, kwani shina lake hutambaa na kuchipua pembeni. Lakini hiyo ni hatua ya mguu, siyo ya upepo.

4. KUVU YA MKARAFUU

Baada ya Vita Kuu vya Pili, wataalamu F. J. Nutman na F. M. Roberts walichunguza maradhi ya mikarafuu ya Zanzibar. Mwaka 1952 walitoa maelezo juu ya kuvu inayofisha matawi, waliyoiita Cryptosporella eugeniae. Wataalamu wa baadaye wameiona kuwa ni ileile au ndugu wa ile inayoshambulia mikaratusi, na hapana ajabu, maana mkarafuu na mkaratusi ni wa ukoo mmoja. Mwaka 1954 wakaandika juu ya kuvu ya pili, Valsa eugeniae, wakiihusisha na yale maradhi ya kufa ghafula ambayo wazee wetu waliyajua tangu karne ya 19: mkarafuu mzima uliokwisha kuzaa miaka mingi hugeuka rangi, na katika muda mfupi majani yote hukauka yakiwa bado juu ya mti.

Kuvu hizi mbili ni za kundi ambalo spora zake za ndoa hukaa nane nane ndani ya kifuko kirefu chembamba. Vifuko hivyo hukaa ndani ya vichupa vidogo vilivyozama katika gome, na midomo yake ndiyo vile vipele tunavyoviona. Pamoja na hivyo, kuvu za kundi hili huwa na vichupa vya namna ya pili, vya zile spora zisizongoja ndoa. Wakati wa mvua spora hizi huchuruzika nje pamoja na ute, na matone ya mvua huzirusha na kuzitiririsha.

Zingatia hapo, ndugu mwanachama. Tawi limekufa, lakini kuvu iliyomo haijafa. Kwake yeye tawi kavu ni ghala na ndiyo nyumba ya uzazi. Wewe waona kuni. Yeye ana kitalu cha miche.

Na mlango wake wa kuingilia ni upi? Kuvu inayofisha matawi huingia kwa jeraha. Tawi lililovunjwa na mchumaji, lililopasuliwa na upepo, au gome lililochubuliwa na panga, ndilo hodi yake. Kutoka hapo hushuka ndani ya tawi, na ukikata utaona mti wa ndani umebadilika rangi kuwa kahawia yenye wekundu.

Mambo haya yalikuwa na mabishano makubwa zamani huko Ulaya pia. Watu walisema ukungu juu ya mmea ni alama ya ugonjwa tu, haukuuleta. Mwaka 1853 Anton de Bary, Mjerumani, akaandika na kuonyesha kuwa kuvu ndizo zinazoleta maradhi ya kutu na mengineyo katika nafaka, si maradhi yanayozaa kuvu. Tangu hapo wakulima walianza kupambana na chanzo.

5. TUZILINGANISHE

Mahali zinapofanana:
(a) Zote hazina maua wala mbegu.
(b) Zote hutoa spora nyingi nyepesi zichukuliwazo na upepo.
(c) Zote hupenda unyevu.

Mahali zinapotofautiana:
(a) Kangaga lina miili miwili inayopokezana, kila mmoja ukijitegemea. Kuvu ina mwili mmoja wa nyuzi, na uyoga au kipele ni kiungo cha kuzalia tu.
(b) Mwili mkubwa wa kangaga una nakala mbili za kitabu zilizoungana. Katika uyoga, muungano wa kweli hudumu kitambo kidogo tu, kisha hugawanyika.
(c) Mbegu ya kiume ya kangaga haina budi kuogelea. Uyoga na kuvu za gome hazina mbegu za kuogelea. Uzi hugusa uzi.
(d) Spora ya kangaga huhitaji mwanga, maana kitakachomea ni cha kijani. Spora ya kuvu huhitaji kitu cha kula.
(e) Kangaga huchukua miezi mingi toka spora mpaka jani lenye madoa. Kuvu nyingi, kwa njia yake ya pili, huchukua siku chache tu.

Katika hayo, la (d) na la (e) ndiyo yenye fedha ndani yake. Spora ya kangaga ikitua juu ya mkarafuu haitafuti chakula katika mkarafuu. Yatafuta kituo chenye unyevu na mwanga. Kangaga likishakua, mizizi yake hushika gome na takataka za majani zilizojikusanya. Haitoboi mti wala haifyonzi maji yake. Ni mpangaji aliyepanga barazani, anajipikia mwenyewe. Spora ya kuvu ya maradhi yatafuta jikoni kwako.

Basi kwa nini twaona makangaga mengi juu ya miti iliyo dhaifu? Kwa sababu mbili. Mti mkongwe una gome lililopasuka pasuka linaloshika maji na taka. Na mti mgonjwa umepukutika majani, mwanga ukapita ndani, na kangaga likastawi. Kangaga limekuja kwa kuwa mti umedhoofika. Mti haukudhoofika kwa kuwa kangaga limekuja.

Tusilichanganye kangaga na kirukia. Kirukia ni mmea wenye maua na matunda, na mbegu zake huletwa na ndege. Huyo hutia mizizi ndani ya tawi na kunyonya. Kirukia akatwe.

6. YATUPASAYO SHAMBANI

Kutokana na somo hili twapata kanuni sita.

Kwanza, usikwangue makangaga kwa panga. Kwa kumfukuza mpangaji asiye na madhara, wamfungulia mlango mwizi. Kama kangaga limekuwa kubwa na zito, au lawazuia wachumaji, ling'olewe kwa mkono taratibu, gome lisichubuke.

Pili, wakati wa kuchuma, tawi livutwe kwa upembo pasipo kuvunjwa. Mchumaji avunjaye tawi ili apate karafuu za leo amekata karafuu za miaka ijayo, tena ameacha jeraha wazi. Mwenye shamba na awaeleze wachumaji jambo hili kabla hawajapanda, si baada ya kushuka.

Tatu, tawi lililokauka likatwe chini ya mahali palipobadilika rangi, katika mti safi, na pakatwe sawasawa pasiachwe kipande kilichochanika. Kazi hii yafaa kufanywa siku za ukavu, wakati spora zisizongoja ndoa hazichuruziki.

Nne, matawi yaliyokatwa yachomwe moto. Usiyaache chini ya mti, wala usiyaburure kupitia shamba la jirani, wala usiyaweke kuwa ua wa kitalu cha miche. Msumeno na panga vilivyotumika vifutwe na kutiwa dawa au kupitishwa motoni kabla ya kugusa mti mwingine.

Tano, mkarafuu ukifa ghafula, usingoje mpaka wa pili ufe. Mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba autazame. Kumbuka kuwa kuvu iliyomo ndani ya gome haifikiwi na dawa ya kunyunyizwa juu ya majani, na mwenye kukuuzia dawa ya kufufua mti uliokauka akuuzia maji.

Sita, kanuni ya jamvini. Spora za ukungu zimo hewani siku zote, na juu ya kila karafuu uliyoichuma zimo. Huwezi kuzizuia zisitue. Waweza kuzinyima unyevu. Karafuu zilizolundikwa mbichi usiku kucha hupata joto, huvunda, zikapauka na kunyauka, na daraja yake hushuka. Zitandazwe siku ileile, tabaka jembamba, zigeuzwe, zianuliwe kabla ya mvua na kabla ya umande. Kipimo cha biashara ya nje ni unyevu usiozidi asilimia 12. Kwa mkono: karafuu kavu ukiivunja hukatika kwa mlio, na ile mbichi hupinda.

7. JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Wanachama wenye watoto wa skuli wafanye nao jaribio hili, halina gharama.

Chukua kofia ya uyoga uliofunguka, ukate mguu wake, uiweke juu ya karatasi, kurasa zitazame chini, uifunike na bakuli mpaka asubuhi. Utakuta picha ya kurasa imeandikwa kwa unga. Hizo ni spora. (Uyoga usioujua usiuonje, na ukawe mikono baada ya kazi.)

Chukua jani la kangaga lenye madoa ya kahawia yaliyokomaa, ulikunje ndani ya karatasi, uliweke mahali pakavu siku mbili. Utapata unga wa kahawia. Kisha chukua chungu kidogo cha udongo, ukimwagie maji ya moto ili kufa kuvu zilizopo, ukikifudikize ndani ya sahani yenye maji, kikipoa unyunyize ule unga juu yake. Kifunike kwa kioo au chupa pana, ukiweke penye mwanga, pasipo jua kali. Baada ya majuma kadha utaona rangi ya kijani, na baadaye mioyo midogo midogo. Siku hiyo nyunyiza maji juu yake, uifanye mvua yao ya harusi. Mwenye subira ataona kangaga changa likichomoza katikati ya moyo.

Ukiona chungu kimeota ukungu kabla ya kijani, usikasirike. Hapo umelithibitisha somo kwa macho yako: ukungu ni wa siku, kangaga ni wa miezi.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Jani-moyo lina nakala ngapi za kitabu cha urithi? Kangaga je?
2. Kwa nini kangaga haliwezi kuzaa kwa ndoa mahali pasipo maji hata kidogo?
3. Katika uyoga, vitabu viwili huungana wapi, na baada ya kuungana hutokea nini?
4. Taja njia ya pili ya kuzaa ya kuvu, na useme kwa nini ni ya hatari kwa mkulima.
5. Jirani yako amekata matawi makavu akayafanya ua wa kitalu chake. Utamwambia nini, na kwa sababu gani?

Wasomao vikundi kwa vikundi na wayajibu maswali haya pamoja, na lile la tano walijadili kwa marefu zaidi. Shamba la mtu mmoja lililosafishwa katikati ya mashamba kumi yasiyosafishwa ni kama chumba kimoja kilichofagiwa katika nyumba yenye vumbi. Spora haijui mpaka, wala haisomi hati. Basi kazi ya kukata na kuchoma yafaa ifanywe kwa zamu, mtaa kwa mtaa, kabla ya msimu wa kuchuma, ili jasho la mmoja lisipotezwe na uvivu wa mwenziwe.